Sura ya Sita: Tairi Kuukuu na Dawa ya Kulilainisha

Tairi la pikipiki huzeeka hata likiwa limesimama. Mpira hupauka, hupoteza unyumbufu, huota nyufa ndogo ubavuni, na mwishowe hukaza hata ukucha wa kidole gumba ukibonyezwa juu yake hauachi alama. Ugumu huo ndio unaomfanya mwenye pikipiki atafute dawa. Wengine hupaka petroli au dizeli, wengine tina ya rangi, oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, au mafuta ya breki. Wapo pia wanaoagiza vimiminika vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya magari. Matokeo huonekana haraka: tairi hurudi kuwa jeusi, ukucha huingia, na fundi hulipwa.

Yaliyotokea ndani ya tairi hayaonekani, na ndiyo yenye madhara. Sura hii inayaeleza kwa kuangalia pikipiki zinazotumika katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako miteremko, mvua na mizigo hulipima tairi kila siku.

Pikipiki katika nchi ya chai

Tangu serikali ya Kenya ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, Boxer na TVS zimeenea hadi vijiji ambavyo matatu hazifiki. Katika Kericho na Bomet hubeba abiria, magunia ya majani mabichi kutoka shambani hadi kituo cha kununulia, madebe ya maziwa, mbolea, na watoto wa shule. Sehemu kubwa ya eneo la chai iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na palipo na mvua nyingi zaidi hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mara nyingi asubuhi huwa na jua kali na alasiri huwa na mvua, wakati mwingine mvua ya mawe. Kericho hutajwa katika vitabu vya hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Majani huchipuka kwa wingi msimu wa mvua, yaani pikipiki hubeba mizigo mizito zaidi wakati barabara za udongo mwekundu zinateleza zaidi.

Lakini si kila tairi hapa huzeeka. Pikipiki ya bodaboda inayoshinda stejini Litein, Kapkatet au Silibwet hulimaliza tairi la nyuma kwa msuguano kabla ya umri kulifikia. Likiondolewa huwa kipara, ila mpira wake bado laini. Matairi yanayokauka hutoka kwingine. Lipo tairi la mbele, ambalo huisha polepole na kukaa miaka. Ipo pikipiki ya mkulima, inayopeleka maziwa asubuhi na kurudi kusimama nyuma ya nyumba mchana kutwa. Zipo zilizozuiliwa kwenye yadi na kukaa juani miezi mingi kabla ya kukombolewa. Na yapo matairi ya mitumba yanayoning'inizwa mbele ya kibanda cha fundi wa pancha, yakipigwa na jua upande mmoja na mvua upande wa pili. Mwenye tairi la namna hiyo huona kashata zake, yaani meno yanayoshika barabara, bado ndefu, na kulitupa humwuma. Ndipo wazo la dawa linapoingia.

Kwa nini mpira hukaza

Mpira mbichi, kama unavyotoka kwenye mti, hunata ukipata joto na kuvunjika ukipata baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupikwa, hubadilika na kuwa imara. Alipata hataza yake mwaka 1844, huku Thomas Hancock akifanya kazi hiyo hiyo Uingereza. Salfa hufunga minyororo mirefu ya mpira kwa vifungo vidogo, kila mnyororo ukashikamana na jirani yake. Vifungo vikiwa vichache mpira huwa laini. Vikizidi, huwa mgumu na mwepesi kupasuka.

Tairi la leo lina vitu vingi zaidi ya hivyo viwili. Kuna mpira wa asili na mpira wa kutengenezwa, masizi meusi ya kuupa nguvu, mafuta ya kuulainisha, nta, oksidi ya zinki, na kemikali za kinga, inayojulikana zaidi ikiwa 6PPD. Nta na 6PPD husafiri polepole kutoka ndani ya mpira hadi juu na kutandaza ngozi nyembamba inayozuia ozoni. Tairi linapozunguka na kukunjwa na barabara, safari hiyo huendelea vizuri. Likisimama muda mrefu, ngozi hiyo haifanywi upya inavyotakiwa, na ozoni iliyomo hewani, hata ikiwa kidogo mno, hukata minyororo ya mpira pale uliponyooshwa. Hiyo ndiyo asili ya nyufa za ubavuni.

Wakati huohuo oksijeni na joto huendelea na kazi iliyoanzwa kiwandani: vifungo vipya hujijenga kati ya minyororo mwaka baada ya mwaka, na mafuta ya kulainisha huhama au kupotea. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore A, chenye alama kutoka 0 hadi 100. Tairi jipya la pikipiki ya kawaida huwa kwenye alama 60 na kitu; likizeeka hupanda hadi 75, 80 au zaidi. Mpira wa namna hiyo hauingii tena kwenye vinyweleo vya lami. Hupita juu yake, na barabara ikilowa huteleza.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ugumu ni dalili tu. Uzee ule ule uliokaza kashata umepita pia ubavuni, kwenye ukingo unaoshika ringi, na kwenye gundi inayounganisha mpira na nyuzi za ndani. Dawa hupakwa kwenye dalili.

Kiyeyushi kinavyoingia

Petroli, dizeli, mafuta taa na tina zote ni jamaa wa karibu wa mpira wenyewe kikemia, na ndiyo sababu mpira huzinywa. Molekuli ndogo za kiyeyushi hupenya kati ya minyororo, huisukuma mbali kidogo, na mpira huvimba. Kipande cha tairi kikilazwa ndani ya toluini, ambayo ni kiungo cha kawaida cha tina, kinaweza kuvimba hata maradufu. Minyororo ikishatengana huteleza kwa urahisi, na kidole husikia ulaini.

Vifungo vya salfa havikatiki kwa kuvimba huko. Wanakemia wanalijua hilo vizuri kiasi kwamba wanatumia uvimbe wenyewe kama kipimo: mwaka 1943 Paul Flory na John Rehner walitoa mlinganyo unaokadiria wingi wa vifungo kwa kuangalia mpira umevimba kiasi gani. Vifungo vilivyoongezeka kwa miaka vinabaki vilevile. Minyororo iliyokatwa na ozoni haiungwi. Hakuna kilichotengenezwa, kimiminika kimejaza nafasi tu.

Kisha huanza kutoka. Petroli na tina hukauka kwa saa au siku chache, na zinapotoka huondoka na mafuta ya kulainisha, nta na kemikali za kinga zilizokuwa zimebaki. Maabara hutumia njia hiyo hiyo pale inapotaka kuvitoa vitu hivyo ndani ya mpira ili kuvipima. Tairi lililooshwa kwa petroli leo, baada ya wiki chache huwa gumu kuliko lilivyokuwa, na halina tena kinga ya ozoni. Mwenyewe hupaka mara ya pili, na kila mpako huchota tena.

Dizeli na oili hazikauki upesi. Hukaa, hushuka ndani polepole, na kuuacha mpira ukiwa mlaini na mnyonge: hukwaruzika haraka, kashata hung'oka vipandevipande, na kokoto za marram huzama ndani yake. Oili chafu ina ubaya wa ziada, kwani imebeba masizi, chembe za chuma na asidi za injini. Mafuta ya breki ni kisa tofauti. Yametengenezwa makusudi yasiharibu raba za breki, kwa hiyo hayalainishi tairi kwa kiwango cha maana. Huacha utelezi, huvuta maji kutoka hewani, na yakidondokea tangi la pikipiki hubambua rangi.

Anayetaka kuona tofauti ya mpira na mpira aangalie bomba la petroli kwenye pikipiki hiyo hiyo. Bomba hilo hupitisha petroli miaka na halivimbi, kwa sababu limetengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, wa naitraili, uliobuniwa kustahimili mafuta. Akikata kipande cha bomba hilo na kipande cha tyubu kuukuu, akavitia vyote kwenye kopo la petroli usiku kucha nje ya nyumba, asubuhi ataona tyubu imevimba na kulegea huku bomba likiwa karibu lilivyokuwa. Watengenezaji wa tairi hawakuwahi kukusudia lilowe mafuta.

Wazo lilikotoka

Kulainisha tairi kwa kemikali hakukubuniwa na mafundi wa juakali. Ni desturi ya zamani katika mashindano ya magari madogo ya karti na magari ya viwanja vya udongo huko Marekani, ambako dereva hulowesha tairi kwa viyeyushi ili lishike vizuri zaidi kwa mizunguko michache. Mashindano mengi yameipiga marufuku. Wasimamizi hukata kipande cha tairi la mshindi na kukipeleka maabara, kilinganishwe na sampuli kutoka kiwandani. Hata mahali inapofanyika, tairi hilo hukimbia siku moja kwenye uwanja uliofungwa, dereva akiwa amefungwa mkanda ndani ya vyuma vya kinga, kisha hutupwa. Hakuna katika mazingira hayo linalofanana na mama aliyepakiwa nyuma ya Boxer akitelemka kuelekea Chemosit na mtoto mgongoni.

Chanzo cha pili ni mafundi wanaofufua pikipiki za kale. Wao huloweka raba zilizokauka, kama ile inayounganisha kabureta na injini, katika mchanganyiko wa zailini na mafuta ya wintergreen, yale yenye harufu ya dawa ya kuchua misuli. Kwa raba isiyobeba uzito, njia hiyo inafaa na haina ubaya mkubwa. Kosa ni kuihamisha hadi kwenye tairi, ambalo kazi yake ni kubeba watu.

Chanzo cha tatu ni tabia ya kung'arisha. Katika sehemu nyingi za kuoshea magari Afrika Mashariki, tairi hupakwa dizeli au mchanganyiko wa mafuta ili ling'ae. Aliyepaka hakukusudia kulainisha chochote, lakini mpira hautofautishi nia.

Sehemu zinazoharibika bila kuonekana

Chini ya kashata kuna tabaka za nyuzi, kwa kawaida za nailoni kwenye matairi ya pikipiki za aina hii, zilizopitishwa mshazari na kushikamanishwa na mpira kwa gundi maalumu. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Mpira huzishika pamoja. Kiyeyushi kikipita kwenye ufa hadi kwenye nyuzi, huvimbisha mpira unaozizunguka huku nailoni yenyewe ikibaki kama ilivyo. Kimoja kikitanuka na kingine kikikataa, gundi kati yao huvutwa. Baada ya hapo tairi likizunguka likiwa na mzigo, pale palipolegea husuguana, hupata joto, na tabaka huachana. Nje hutokea kivimbe. Mara nyingine hakitokei, na tabaka huachana mwendoni.

Hesabu ya mzigo inaonyesha nafasi iliyopo ni ndogo kiasi gani. Tairi la nyuma la saizi 3.00-17 lenye alama 50P limeidhinishwa kubeba kilo 190 likiwa jipya na limejazwa upepo sawasawa. Pikipiki ina uzito wa kilo 110 hadi 120. Ukiongeza dereva wa kilo 70 na abiria mmoja wa kilo 70, ambaye ndiye pekee sheria inamruhusu, jumla hufika kilo 260 hivi, na karibu kilo 160 kati ya hizo hukaa kwenye gurudumu la nyuma. Bado iko ndani ya kiwango. Akipanda abiria wa pili, au likifungwa gunia la majani mabichi lililolowa mvua, uzito wa nyuma huvuka kilo 190. Tairi zima la kiwandani huvumilia kosa hilo mara nyingi. Tairi ambalo gundi yake imelegezwa kwa tina halina akiba hiyo.

Ukingo wa tairi ni sehemu nyingine inayosahaulika. Ukingo hukaa ndani ya ringi kwa nguvu ya upepo na msuguano. Dizeli ikiingia hapo, tairi huteleza juu ya ringi dereva anapofunga breki, na huiburuta tyubu pamoja nalo. Dalili ya kwanza ni valvu: iliyokuwa imesimama wima huonekana imelala upande. Fundi mzoefu huitambua papo hapo. Isiporekebishwa, shina la valvu hukatika na upepo hutoka wote kwa mara moja, kwa kuwa ringi ya spoki ina matundu na haizuii kitu.

Tyubu nayo hunywa mafuta. Viraka vya pancha vilivyobandikwa kwa solushoni hubanduka, maana solushoni yenyewe ni mpira ulioyeyushwa na haina uwezo wa kupambana na petroli. Katika barabara za mashamba, ambako tyubu moja huwa na viraka kadhaa, hilo si jambo dogo.

Na kuna breki. Boxer nyingi za kazi hutumia breki za ngoma, mbele na nyuma. Tairi linapopakwa likiwa kwenye pikipiki, kimiminika hutiririka kwenye spoki hadi kitovuni, na kikipata upenyo hufikia viatu vya breki. Kiatu kilicholowa dizeli hakishiki vizuri hata kikikaushwa, hubadilishwa. Dereva huligundua hilo anapokuwa mteremkoni.

Mteremko, mvua na tairi la mbele

Tairi la nyuma likipasuka, pikipiki huyumba, na dereva mwenye uzoefu mara nyingi huweza kuituliza. Tairi la mbele likiteleza au kutoka upepo ghafla, usukani huondoka mikononi. Kwa bahati mbaya, tairi la mbele ndilo linalozeeka zaidi na ndilo hasa hushawishi kulainishwa, kwa kuwa kashata zake huwa bado zipo.

Katika mteremko, uzito wa pikipiki na mizigo huegemea mbele, na breki huongeza. Barabara inayoshuka kwenye mabonde ya mto Itare au Kipsonoi ina kona, lami yake hulowa kila alasiri wakati wa masika, na dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi, kabla maji hayajaosha vumbi na mafuta yaliyotandaa juu. Tairi lililopakwa oili huleta tabaka lake lenyewe la utelezi juu ya hilo. Ulaini uliotafutwa kwa ajili ya kushika lami huharibiwa na mafuta yaleyale yaliyouleta. Kwenye marram yenye udongo mwekundu uliolowa mambo ni tofauti kidogo: hapo kinachosaidia ni urefu wa kashata zinazochimba tope, na ulaini wa mpira huongeza kidogo sana. Kwa hiyo hata kama dawa ingefanya kazi inayosifiwa, nusu ya barabara za eneo hili zisingefaidika nayo.

Kuna madhara ya namna nyingine, ambayo kwa mtazamo wa usalama ni mazito kuliko yote. Mpanda pikipiki kijijini hana kipimo cha Shore wala maabara. Ana macho na ukucha. Tairi gumu lililopauka lenye nyufa hujieleza lenyewe kwa yeyote anayeinama kulitazama: mnunuzi, abiria, askari wa trafiki. Likishapakwa dawa, nyufa huvimba na kufunga midomo, weusi hurudi, ukucha huzama. Kipimo pekee kilichokuwapo kimeharibiwa. Pikipiki ya mitumba iliyotayarishwa hivyo kwa ajili ya kuuzwa humpa mnunuzi tairi bovu lenye sura ya tairi zima, na wa kulijua hilo ni muuzaji peke yake.

Moto, mapafu, chai na maziwa

Anayepaka huumia kabla ya anayepanda. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali kuliko yoyote iliyowahi kuonekana Kericho. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni badala ya kupanda. Usiku wa nchi ya chai ni wa baridi, milango hufungwa na jiko la makaa huwa ndani. Beseni la petroli lenye tairi kwenye kona ya chumba kama hicho linatosha kuteketeza nyumba bila mtu kuwasha kiberiti. Mafuta taa huwaka kwa shida zaidi, lakini ni kosa kuamini kila kinachouzwa kwa jina hilo: kuchanganya mafuta kumekuwa tatizo kubwa nchini hata serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kukomesha biashara ya kuyachanganya na dizeli.

Petroli ina benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Toluini na zailini huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na zikivutwa kwa miaka huathiri mishipa ya fahamu. Mikono inayochovywa kila siku hukauka, hupasuka na kuwasha. Fundi wa pancha anayefanya kazi kwenye kibanda cha mabati kisicho na dirisha hupata vyote hivyo kwa pamoja.

Katika eneo hili kuna hasara nyingine inayogusa mfuko moja kwa moja. Majani chai hunyonya harufu upesi. Magunia yanayofungwa juu ya gurudumu lililolowa dizeli, au kuwekwa kwenye sakafu ilipopakwa tairi, hubeba harufu hiyo hadi kituoni, na karani akiinusa ana sababu ya kuyakataa. Maziwa nayo hushika harufu. Siku moja ya majani yaliyokataliwa hula kile kilichodhaniwa kuokolewa kwenye tairi.

Mabaki ya beseni humwagwa mtaroni. Mitaro ya Kericho hushuka hadi mito inayoingia Sondu na Ziwa Viktoria. Ya upande wa Bomet hushuka hadi Nyangores, ambao ukikutana na Amala huwa mto Mara. Pamoja na mafuta huenda kemikali zilizochotwa kwenye mpira. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba zao linalotokana na 6PPD ikikutana na ozoni huua samaki aina ya salmoni kwa kiwango kidogo sana majini.

Kulipima tairi na kuamua

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Baada ya herufi DOT huja mfuatano wa alama unaoishia na tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya 2000 na halina la kujadiliwa. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Kwa pikipiki inayolala juani na kubeba mizigo, kungoja kumi ni kupita kiasi.

Tairi linaloshukiwa kupakwa dawa hujulikana kwa harufu, kwanza. Kisha kwa kitambaa cheupe: kikisuguliwa ubavuni na kutoka na mafuta meusi yanayonata, kuna kitu kimepakwa. Kashata zinazoshikika kama ulimbo, nyufa zilizovimba midomo, valvu iliyoinama, na kivimbe chochote ubavuni ni sababu za kutosha kulikataa. Lililodondokewa na mafuta kwa bahati mbaya lioshwe mara moja kwa maji na sabuni. Mafuta ya nusu saa hayajafika mbali.

Ugumu kidogo wa tairi lisilo na nyufa wala umri mkubwa mara nyingi hauhitaji dawa yoyote. Huhitaji presha sahihi iliyoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki, kivuli cha kuegeshea, na kutumiwa mara kwa mara. Kuchonga kashata mpya kwa kisu cha moto, desturi nyingine inayoonekana kwenye vibanda vya pancha, ni hatari ya jamii moja na dawa: hupunguza mpira uliofunika nyuzi na kuliita tairi jipya.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka chombo na sehemu zake zote, matairi yakiwamo, vitunzwe katika hali isiyohatarisha mtu yeyote barabarani. Mwenye pesa za tairi moja tu anunue la mbele kwanza iwapo la mbele ndilo lililokauka, hata kama la nyuma ndilo linalompa kazi. Lile kuukuu likitolewa likatwe ubavu kwa kisu hapo hapo kwa fundi, kabla halijaning'inizwa kibandani kumsubiri mteja mwingine. Mpira wake bado unafaa kwa akala, bawaba za lango na kamba za kufungia magunia.